Mwenye Gari na Mwenye Spana

Koboko kuna Land Rover moja ambayo watu wanaijua kwa sauti kabla ya kuiona. Ni Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, rangi ya kijani iliyochoshwa na jua. Mwenye gari anaishi Kanada. Mwenye spana ni fundi Mkongo mwenzetu, ambaye amekaa nayo tangu 2017. Swali ambalo limewagawa vijana wetu ni jepesi kulisema na gumu kulijibu: hii gari ni ya nani?

Najua kuna msomaji ameshajibu. Ni ya mwenye logibuku, bwana, tuendelee na mambo mengine. Na mwingine amejibu kinyume: ni ya aliyeiweka hai, yule wa Kanada alishaitupa. Naomba wote wawili mnivumilie, kwa sababu mimi nina sababu ya kuogopa majibu yote mawili, na sababu hiyo haiko Koboko, iko Djugu. Nitaifikia.

Kwanza gari yenyewe. Mzee ni Mkakwa wa upande wa Yei. Kwa wasiojua, Wakakwa ni watu wa nchi tatu: wako hapa Koboko, wako Yei kule Sudan Kusini, wako upande wa Aru kule Congo. Mpaka ndio uliowakuta wao. Mzee aliinunua Land Rover Juba, kwenye mnada wa shirika fulani, kabla mimi sijazaliwa. Akaibebesha mihogo, mbao, maharusi na maiti. Vita vya Julai 2016 vilipoanza Juba vikashuka mpaka Yei, alipakia watu, magodoro na mbuzi wawili, akapita Kaya akaingia Uganda kwa Oraba. Wanasema ndani mlikuwa na watu kumi na tisa. Mimi sikuwepo, namba hiyo nawaachia wanaopenda kuisimulia.

Mwaka uliofuata klachi ikafa. Wakaisukuma mpaka gereji ya Fundi, na Mzee akamwambia neno moja: "Niwekee." Mwaka 2018 familia yake ikapata safari ya Kanada. Hakusema tengeneza, hakusema usitengeneze, hakuacha pesa. Niwekee tu. Shida yote imetoka ndani ya neno hilo. Ukimwekea mtu ugali, unatarajia aje aule leo. Ukimwekea siri, unaikaa nayo mpaka kufa. Ukimwekea gari, je? Gari si mfuko wa mahindi. Ukiiacha tu ikae, unaiua. Betri inakufa, tairi zinapasuka, breki zinashikana, panya wanakula waya. Kuitunza maana yake ni kuiendesha, na kuiendesha maana yake ni kuichakaza, na kuichakaza maana yake ni kununua sipea. Kwa hiyo aliyeambiwa aweke ameambiwa pia, bila kuambiwa, aanze kutumia pesa zake.

Mimi nafanya kazi na vijana, huko Lobule kwenye makazi yetu na hapa mjini. Kila mwaka tunapeleka wachache gereji wajifunze ufundi. Sasa wapo sita, wawili wao wasichana. Fundi huwafundisha kwenye Land Rover kwa sababu hakuna mteja atakayekuja kulia kijana akivunja kitu. Ndivyo nilivyoijua gari hiyo, nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, naandika mahudhurio.

Vijana hao wanajua historia yake kuliko masomo yao ya shule. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Vita kuu ilikuwa imeisha miaka mitatu tu, na Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, basi mwili wake wakautengeneza kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana bodi ya Land Rover ya babu yako haina kutu wakati pikapu ya juzi imeshatoboka mlangoni. Lakini chini, mifupa yenyewe, ile chesisi, ni chuma. Maji yanaingia ndani yake, matope yanakaa, inaoza kutoka ndani huku nje imepakwa rangi nzuri. Fundi huigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Hilo la chesisi mlishike, tutalihitaji.

Raha yake? Nenda Lobule mwezi wa nane, mvua imenyesha siku tatu. Probox zimekwama, watu wa bodaboda wamevua viatu wanasukuma. Fundi anasukuma kijiti chenye kichwa cha njano, anavuta kile chenye kichwa chekundu, na gari inaanza kutembea polepole kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Haikimbii. Haina haraka na mtu. Nyuma mna benchi mbili zinazotazamana, na hapa nina maoni yangu ambayo wavulana wananicheka: kwenye taksi unaangalia shingo ya mtu aliye mbele yako mpaka Arua, kwenye Land Rover unaangalia uso. Watu waliopanda nyuma ya gari hiyo wakiwa hawajuani wanashuka wakijua mtoto wa nani ni mgonjwa na nani anadaiwa. Usiku mmoja wa 2022 ilimtoa mama mjamzito kwenye makazi mpaka hospitali ya Koboko, njia ikiwa maji matupu. Mtoto ana jina lake la kanisani, ila nyumbani wanamwita Rova.

Raha nyingine ni kwamba ukifungua boneti unaona. Hakuna kompyuta, hakuna kitu kilichofichwa chini ya plastiki. Kijana aliyekimbia vita akiwa darasa la tano anaweza kufuata kwa kidole safari ya petroli kutoka tangi mpaka pampu mpaka kabureta, na akaelewa kwa nini gari haiwaki. Nimeona nyuso za vijana wakielewa jambo hilo. Katika maisha yetu ya hapa vitu vingi vinatutokea bila sisi kuona waya wake: mgao unapungua, jina linapotea kwenye orodha, mtu anaambiwa arudi kesho. Kuna kitu kimoja tu tunachoweza kukifungua tukaona kimeharibikia wapi.

Sasa karaha. Fundi husema Land Rover isipovuja oili, ujue haina oili. Usukani unazungusha robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Paa linavuja, milango inapitisha vumbi, mguu wa dereva unachomwa na joto la injini. Na nati zake! Magari yote ya Koboko ni Toyota, spana za kila gereji ni za milimita: 10, 12, 14, 17. Land Rover ya zamani ni ya inchi. Ukichukua spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, unafurahi, lakini inacheza kidogo, na ukitia nguvu inakula pembe za nati mpaka inakuwa duara. Baadaye hata spana ya kweli haiishiki. Fundi alitafuta seti ya spana za inchi mwaka mzima, akaipata Ariwara sokoni, upande wa Congo, kwa mtu ambaye hakujua anauza nini.

Sipea zinatoka Kampala, soko la Kisekka, zinapanda basi la usiku. Unatuma pesa kwa simu, unatuma picha, mtu wa huko anasema nimekuelewa, asubuhi unapokea kitu cha gari nyingine. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa inakunywa lita moja kwa kilomita tano au sita. Kutoka Koboko mpaka Arua ni kama kilomita 55. Piga hesabu mwenyewe na bei ya petroli ya hapa mpakani. Ndiyo maana mwaka 2021 Fundi aliing'oa akaweka injini ya dizeli ya Toyota. Kumbukeni na hilo, nalo lilileta maneno.

Lakini karaha kubwa haiko kwenye nati. Ukiwa na gari kati ya watu wasio na gari, gari si yako tena. Simu inalia saa nane usiku: mtoto ana degedege. Inalia alfajiri: kuna msiba Imvepi, waimbaji wanataka usafiri. Mwalimu anataka madawati, mchungaji anataka spika, mimi mwenyewe nataka timu ya mpira ifike Arua Jumamosi. Kila mtu analeta shukrani, wachache wanaleta dizeli. Ukikataa, umeringa. "Na gari yenyewe si yake!" Hapo ndipo utakapoona jinsi watu wanavyojua kuchagua mwenyewe: kwenye kuomba ni gari ya Fundi, kwenye kumsema ni gari ya Mzee. Mke wa Fundi anaiita mke mwenza.

Na Mzee yeye? Msidhani alisahau. Anapiga simu WhatsApp, mara nyingi Jumapili, na baada ya salamu ndefu za watoto na mashamba anasema: "Washa kidogo." Fundi anawasha, anaweka simu juu ya boneti. Wanakaa kimya wote wawili, mmoja Koboko kwenye joto, mwingine nje kwake kuna theluji. Kisha Mzee anasema ile klachi inalia upande wa kushoto. Na ni kweli inalia. Siku aliposikia sauti ya dizeli kwa mara ya kwanza alikata simu. Mwezi mzima hakupiga. Alipopiga alisema, "Mumeitoa moyo bila kuniuliza." Fundi akajibu, "Baba, moyo ulikuwa umesimama." Wote wawili walikuwa na haki ya kusema walivyosema, na mimi nikisikiliza pembeni sikupata la kuongeza.

Mwaka jana alikuja kijana kutoka Yei, mtoto wa dada yake Mzee, na barua pamoja na logibuku ya zamani. Alikuwa amepata mnunuzi wa Kampala, mtu anayetafuta Land Rover za zamani. Biashara hiyo ipo kweli. Mwezi wa kwanza 2016 kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani, na mwaka huo huo kampuni yenyewe ikatangaza kuuza Series I zilizofufuliwa, zile za miaka ya mwanzo. Tangu hapo chuma chakavu cha wenzetu kimekuwa lulu ya watu wengine. Mnunuzi alisema milioni 12 za Uganda. Fundi akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye alikuwa na habari zote: klachi, injini, redieta, betri tatu, tairi, springi, usiku wa basi, hongo mbili ambazo aliandika "soda". Jumla ilikuwa milioni 7 na laki nane. Kazi ya mikono yake hakuiandika.

Mpwa akasema hakutumwa kulipa, ametumwa kuchukua. Fundi akasema basi chukua alichoniachia. Akamwonyesha kona ya gereji, chini ya turubai: injini ya zamani, gia za klachi ya zamani, redieta iliyotoboka, na pipa mbili zimejaa kila kitu alichokitoa kwenye gari tangu 2017. Hakutupa hata nati. "Hii ndiyo gari ya Mzee," alisema, "imo ndani ya pipa."

Nilipeleka jambo hili kwenye mjadala wetu wa Ijumaa. Tunao vijana wa aina tatu: wa Sudan Kusini, wa Congo, na wa Koboko wenyewe. Sikutegemea wangegawanyika kwa nchi, lakini ndivyo ilivyokuwa, karibu kabisa. Wa Koboko walisema gari ni ya Fundi, jasho lake limo ndani. Mmoja alikuwa amesoma mahali kuhusu John Locke, yule mwanafalsafa Mwingereza wa miaka ya 1600, aliyesema mtu akichanganya kazi yake na kitu, kitu hicho kinakuwa chake. Mwingine akaleta hadithi ya merikebu ya Theseus ya Wagiriki, iliyobadilishwa mbao moja moja mpaka hakuna aliyejua kama ni ile ile. Nikawaambia kuna Thomas Hobbes naye, aliyeuliza itakuwaje kama mtu aliokota mbao zote za zamani akaunda merikebu ya pili. Wakapiga kelele: pipa! pipa za Fundi!

Serikali yenyewe imeshajibu kitendawili hicho kwa njia yake, na jibu ni kavu. Badilisha injini, badilisha rangi, badilisha viti, gari inafuata namba ya chesisi. Kwa sheria, gari ni chesisi na karatasi inayoitaja. Na mnakumbuka nilisema nini kuhusu chesisi: ndiyo inayooza kwanza. Bodi ambayo sheria haiijali itakuwa inang'aa bado miaka 50 ijayo, na kile ambacho sheria inakiita gari kitakuwa kimekuwa unga mwekundu, isipokuwa mtu mwenye nyundo ndogo na mashine ya kuchomelea awepo. Tena karatasi hiyo ni ya upande wa pili wa mpaka. Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo kuisajili hapa upya kwa njia ya kawaida ni ndoto. Wavulana wanasema gari naye ni mkimbizi. Mzaha umechakaa lakini si wa uongo.

Vijana wa Sudan Kusini hawakucheka na pipa. Walikuwa upande wa Mzee wote. Mmoja wao, mkimya, ambaye kwa kawaida anakuja kwa ajili ya chai, alisimama akasema: "Dada, mkisema gari ni ya anayeitunza, basi ng'ombe wa baba yangu ni wa nani? Kuna mtu anawatunza sasa hivi. Anawapeleka maji kila siku."

Hakuna aliyemjibu. Wakongo waliokuwa upande wa Fundi wakaanza kuangalia sakafu, kwa sababu kila mmoja ana ng'ombe wake wa namna hiyo.

Wa kwangu ni nyumba. Tulitoka Djugu mapema 2018, tukapita Mahagi, tukavuka Goli, tukaenda Arua kwa shangazi. Nyumba ya mama yangu ilibaki na paa la nyasi, shamba la maharagwe nyuma, mti wa parachichi mbele. Haikuchomwa. Kuna familia inakaa humo, nao walikimbia kutoka kilima kingine. Mjumbe mmoja anayefika huko alituambia wametoa nyasi wakaezeka mabati, wamechimba choo kipya, wamepanda kahawa. Mama aliposikia mabati alinyamaza. Kisha akasema, "Sasa hawatatoka."

Ndiyo sababu naogopa jibu la Locke. Likitolewa Koboko juu ya Land Rover, siku hiyo hiyo linafika Djugu. Na ndiyo sababu naogopa pia jibu la karatasi, maana sisi karatasi hatuna. Nani huko kijijini alikuwa na karatasi? Congo ina sheria ya mwaka 1973 inayosema ardhi yote ni ya serikali. Mama yangu ana mti wa parachichi na majirani wanaojua nani aliupanda, na majirani hao nao wametawanyika, wengine wako Kyangwali, wengine hapa.

Uganda imeshapita hapa. Mwaka 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko hii hii, aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka na nyumba zao wakapewa watu wengine, na ikaundwa bodi ya kutunza mali za walioondoka. Mwaka 1982 ikatoka sheria ya kuwarudishia, na wengi walianza kurudi kudai miaka ya baadaye. Mpaka leo kuna kesi za majengo hayo. Miji mingi ya nchi hii inalijua neno "mtunzaji", na halisikiki vizuri masikioni, kwa sababu kuna waliotunza na kuna waliokula wakisema wanatunza. Kisha mwaka 1979 Amin alipoanguka, zamu ikawa ya watu wa West Nile. Wazee wa hapa wenyewe walikimbilia Zaire na Sudan, wakaacha mashamba na wakarudi miaka kadhaa baadaye. Ukikaa nao chini ya mwembe watakuambia jambo la ajabu: waliporudi hawakumgombeza kwanza aliyelima shamba lao. Walimgombeza aliyekata mti wa mpakani. Aliyelima waliweza kukaa naye wakala, wakapanga avune mara ya mwisho aondoke. Aliyekata mti alikuwa amefuta swali lenyewe.

Sheria zina kawaida ya kuhesabu miaka. Hapa Uganda aliyekaa kwenye ardhi miaka 12 bila mwenyewe kudai anaweza kupata haki juu yake. Nalielewa lengo: mtu asilale miaka 30 halafu aamke kumfukuza mwenzake. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba mwenye mali angeweza kuja na hakuja. Sisi kimya chetu si cha usingizi. Mama yangu hajanyamaza juu ya nyumba yake. Amenyamazishwa na barabara. Kwa mtu aliyefukuzwa na risasi, saa inapaswa kusimama mpaka siku atakapoweza kutembea mpaka mlangoni kwake bila kuogopa. Mzee wa Kanada naye, naona saa yake ilisimama. Kila Jumapili alipiga simu. Hakutupa.

Kwa hiyo nasema gari ni ya Mzee. Wavulana wa Koboko watanuna, wanune. Ila kuna sehemu ya pili ambayo wale wa upande wa karatasi hawataki kuisikia. Mali iliyokaa mikononi mwa mtu mwema miaka saba imezaa deni, na deni hilo ni la kweli kama mali yenyewe. Mzee ana haki ya kuulizwa: je, niuze? Je, nibadilishe injini? Na Fundi ana haki ya kutoondolewa mikono mitupu na mpwa aliyekuja na karatasi. Hata kama daftari limezidi bei ya gari? Hapana, simaanishi Mzee auze figo. Lakini hawezi kusema hakuomba. Aliomba. Alisema niwekee, na kila Jumapili alivyosema washa kidogo, alikuwa anaomba tena.

Nilimuuliza Fundi, kama ungechagua, ungetaka nini, milioni saba au gari? Alikuwa chini yake, naona miguu tu. Akasema, "Dada, mimi nataka aniambie asante mbele ya mpwa wake. Pesa tutaongea." Sikumwamini moja kwa moja, maana mke wake alikuwa ndani anasikia na yeye pesa hangeziweka mwisho. Lakini nadhani kuna ukweli ndani yake. Mzee alitaka kuulizwa juu ya injini. Fundi anataka kuulizwa juu ya kuuza. Wote wawili wanadai kitu kimoja, na hicho hakiuzwi Kisekka.

Mpwa amerudi Yei bila gari. Mnunuzi wa Kampala anapiga simu bado. Mzee amesema atazungumza, hajazungumza.

Mimi nilirudi Arua wikendi kumwona mama, nikamweleza yote, na sehemu ya pili pia. Kwamba nikisema Mzee anadaiwa na Fundi, lazima niseme na sisi tunadaiwa na wale watu wa Djugu, kama kweli wametunza. Alikasirika. "Sikuwatuma waezeke," alisema. Nikamwambia ni kweli, Mama, hukuwatuma, na kwa hilo ni tofauti na Mzee. Lakini nyasi zile zingekuwa zimeoza miaka minne iliyopita, kuta zingekuwa udongo, na ungedai nini, kilima? Alinyamaza akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye, taa imeshazimwa, akaniuliza kutoka kitandani kama yule mjumbe bado anaenda upande ule. Nikamwambia anaenda mwisho wa mwezi.

"Mwambie aangalie parachichi kama lipo," akasema. Halafu, baada ya muda mrefu mpaka nikadhani amelala: "Na ahesabu mabati ni mangapi."